Tuachieni kazi ya Krismasi sisi tuliofiwa

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu iliyochapishwa katika gazeti lako majuma mawili yaliyopita, ambamo alieleza kwamba Krismasi imekwisha kuwa sikukuu ya wenye maduka, na kwamba mtu aliyefiwa hana sababu ya kujitesa kuisherehekea, heri aipitishe kama siku nyingine yoyote ya Desemba. Barua ile imenikaa moyoni kwa sababu mambo mawili aliyoyataja, biashara na msiba, nayaishi yote mawili. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Malindi, na mwezi wa Desemba ndio unaonipa akiba ya kulipia kodi ya kibanda hadi Machi. Vilevile mimi ni mjane. Mume wangu alifariki Oktoba ya mwaka juzi. Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu huyo kwa heshima, maana nusu ya maneno yake ni kweli tupu, na nusu ya pili, lau ningeifuata, sijui leo ningekuwa katika hali gani.

Nianze na iliyo kweli. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mkesha wa Noeli, kibanda changu hakifungwi kabla ya saa nne za usiku. Zamani mama mwenye watoto watatu alinunua kitambaa kimoja kikubwa, nikamkatia gauni mbili na shati moja, na mtoto akavaa nguo ile Krismasi, akaivaa Mwaka Mpya, akaivaa Pasaka na kila Jumapili ya kanisa mpaka ikamfikia mdogo wake. Ndiyo maana tangu nilipofundishwa ushoni nimezoea kuacha pindo la inchi tatu chini ya gauni la mtoto, ili mwaka unaofuata mama alifumue na gauni limfuate mtoto anavyokua. Sasa kina mama wengi wananiambia nisijisumbue na pindo, kwa sababu mwakani mtoto atataka nyingine. Mwaka jana alinijia mama mmoja akitaka gauni tatu za rangi moja, ili mabinti zake wapigwe picha ya sikukuu wakiwa wamefanana. Fedha alizonilipa alizikopa kwa simu akiwa amesimama mbele ya cherehani yangu, nami nikazipokea. Wiki ya kwanza ya Januari alirudi na gauni zile zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, akaniuliza kama namjua mtu wa kuzinunua, kwa kuwa karo inadaiwa na mkopo nao unadaiwa. Nilizitundika kibandani. Mbili zilinunuliwa, moja, ya mtoto wa miaka minne, bado ipo ukutani, na kila ninapoinua macho naiona.

Kwa hiyo ndugu yetu anaposema kwamba matangazo ya Desemba yanawanyang'anya maskini kile watakachokihitaji Januari, mimi ni shahidi wake. Hata hivyo siwezi kuilaumu biashara yenyewe kana kwamba imevamia sikukuu jana au juzi. Hapa kwetu biashara ya Wareno na msalaba vilishuka pwani kutoka chombo kimoja. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498 alikuwa akitafuta njia ya bahari ya kumfikisha Uhindi kwenye viungo, na miezi michache kabla ya hapo, wakati wa Krismasi ya 1497, merikebu zake zilipita pwani ya kusini mwa Afrika ambayo Wareno waliiita Natal, jina ambalo katika lugha yao ndilo Noeli. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na nguzo yenye msalaba juu yake ingali imesimama kwenye mwamba ukingoni mwa bahari, ambako watoto wetu huenda kupunga upepo siku ya sikukuu. Watu wamekuwa wakiuza na kununua kandokando ya Krismasi muda wote huo, na mimi ni mmoja wao. Kinachoniuma ni kingine, nacho sikukitambua mpaka nilipofiwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Wanaoijua Malindi na Watamu wanajua ni mapaa mangapi ya hoteli na ya nyumba za wageni yaliyoezekwa kwa makuti, na kwamba paa la namna hiyo likishapita miaka michache huanza kuvuja na kutaka kuezekwa upya, kwa hiyo kazi yake haikukauka. Lakini kwa miaka 19 mfululizo, lilipofika juma la mwisho la Majilio, aliliacha paa lolote alilokuwa nalo mkononi akaenda kujenga pango la Noeli katika kanisa letu la mtaani.

Mapokeo ya pango ni ya kale. Fransisko wa Asizi aliandaa lile linalokumbukwa zaidi katika kijiji cha Greccio, nchini Italia, mkesha wa Noeli wa mwaka 1223, akaweka hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli, kwa kuwa alitaka watu wauone kwa macho yao uhitaji ambamo Mtoto alizaliwa. Mume wangu alihadithiwa habari hizo na mzee mmoja Mwitaliano ambaye alikuwa akimwezekea nyumba, na tangu siku hiyo akawa anasema kwamba Fransisko alikuwa mtu wa kazi kama yeye, maana alianza na nyasi.

Naomba uniruhusu, Mhariri, nilieleze pango lile, kwa sababu halipo tena kama lilivyokuwa. Nguzo zake zilikuwa fito za mvinje, mti uliojaa mashambani kwetu, na vilele vya mivinje hiyohiyo ndivyo vilivyokuwa mti wetu wa Krismasi. Dirisha la kanisa likiachwa wazi, upepo wa kaskazi ulipita kwenye majani yake membamba yakavuma taratibu wakati wa masomo. Makuti aliyasuka mafupi, yasizidi dhiraa moja, akayafunga kwa kamba za usumba alizozisokota mwenyewe usiku, ameketi mlangoni, kamba ikiviringika juu ya paja lake mpaka ngozi ikawa nyekundu. Watoto wa mafundisho waliagizwa walete kila mmoja mnyama mmoja wa udongo. Walileta mbuzi wengi kuliko kondoo, kwa kuwa mbuzi ndio wanaowachunga. Mwaka mmoja mtoto wa mvuvi alileta pweza, wenzake wakamcheka, naye mume wangu akampokea pweza yule kwa mikono miwili na kumweka karibu kabisa na hori, akawaambia watoto kwamba huyu naye amepanda kutoka baharini kuja kuangalia. Punda alimfinyanga yeye mwenyewe. Sikio la kushoto la punda lilivunjika katika mwaka wa pili na hakulirudishia, akisema kwamba mnyama aliyetoka Nazareti hadi Bethlehemu hawezi kufika mzima. Kazi yangu ilikuwa kushona nguo za Bikira Maria kwa mabaki ya kibandani na kumfunga Mtoto kwa kipande cha leso, na kila mwaka nilichagua kipande kutoka leso niliyoivaa mwenyewe mwaka ule.

Kiharusi kilimshika asubuhi ya Jumanne, ameinama akivaa viatu vya kwenda kazini. Hakusema neno tena, na Ijumaa akafariki. Tulimzika nyumbani kwao, upande wa Ganda, chini ya mwembe wa ngowe ambao mwaka ule ulikuwa umeanza kuchanua.

Miezi miwili baadaye Krismasi ikafika. Wazee wa kanisa, kwa huruma yao, walikata shauri wasinisumbue. Walichanga fedha wakanunua pango lililotoka kiwandani, la plastiki, lenye taa za kuwakawaka na pamba nyeupe juu ya paa ya kuigiza theluji. Mmoja wao alinijia nyumbani akaniambia, "Mama, mwaka huu usihangaike na lolote, kila kitu tumekwisha kununua." Alisema kwa upendo nami nikamshukuru kwa dhati. Huko nyumbani nako mambo yalikuwa hivyohivyo: mdogo wangu aliyeko Mombasa aliagiza pilau na kuku kutoka mkahawani, vikaletwa mlangoni kwa bodaboda vimefunikwa foili, vingali moto. Alipoondoka yule kijana wa bodaboda nilikaa kitandani nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 19 kwa mkesha wa Noeli kutonituma popote. Nyumba haikunukia bizari. Hakukuwa na maji ya kuteka wala mchele wa kuchambua, na kwa kuwa hakukuwa na la kufanya, hakukuwa na lililozuia kifo cha mume wangu kuijaza nyumba yote kutoka ukuta hadi ukuta. Niliamua kufunga mlango na kulala kabla jua halijatua, kama vile ndugu yetu anavyotushauri.

Saa kumi na moja na nusu jioni aliingia jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyenizidi umri kwa mbali, ambaye nyumba yake na yangu zinatumia ukuta mmoja. Kwapani alikuwa amebeba mbuzi yake ya kukunia nazi. Hakuniuliza hali.

"Mwanangu, nazi zi wapi?"

Nikamwambia, "Mama, mwaka huu sipiki. Chakula kimeshaletwa."

Akaifungua mbuzi, akaitegemeza sakafuni na kuketi juu yake. "Chakula cha watu nimekiona pale mezani, Mungu awazidishie waliokileta. Mimi nauliza nazi. Wajukuu zangu wameniuliza sahani ya Krismasi itakuja saa ngapi, nami sikuwaambia kwamba haiji."

Wasomaji wa bara pengine hawalijui jambo hili, basi nilieleze kwa ufupi. Wakati wa Idi, sahani huvuka ukuta kuja kwangu, na wakati wa Krismasi huvuka kurudi kwake, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Tumefanya hivyo tangu watoto wetu walipokuwa wakitambaa. Kwake napeleka wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki, na asubuhi mbaazi na mahamri. Kuku, mimi humwomba kijana wa nyumba yake aje kumchinja, ili wote tule bila shaka yoyote.

Nilikwenda jikoni nikaleta nazi. Ya kwanza ilinishinda, nikaipiga kwa mgongo wa panga ikateleza. Ya pili ilipasuka vibaya, maji yake yakanimwagikia mapajani, na hapo nikaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho nilikuwa nimekizuia tangu siku ya maziko kwa ajili ya wanangu. Jirani yangu hakuninyamazisha. Alikiokota kifuu akakikuna. Nilisikia meno ya mbuzi yakikwaruza ndani ya kifuu, mzunguko baada ya mzunguko, na nazi ikaanguka kwenye sinia nyeupe na laini, mpaka alipofikia ule utando wa kahawia akasimamisha mkono, kwa sababu ukiukuna utando huo tui linakuwa na rangi chafu. Alipoona nimetulia aliinuka, akanisogezea mbuzi. "Sasa wewe. Mimi mgongo waniuma." Nikakuna nazi sita. Wakati wa kukamua tui alinihadithia eda yake, miezi minne na siku kumi, na jinsi majirani walivyokuwa wakimletea mchele wao auchambulie ndani, ingawa kila mmoja wao alikuwa na mikono ya kuchambua mchele wake mwenyewe.

Sioni ajabu kwamba aliyenifungulia mlango wa Noeli alikuwa Mwislamu. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Xaveri, akiwa njiani kwenda Goa huko Uhindi, alipita Malindi, na katika barua yake akasimulia kwamba walimzika hapa mtu aliyefia chomboni, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyomsitiri mwenzao. Kikanisa cha Wareno kipo hadi leo, kidogo, kuta nyeupe na paa la makuti, makaburi yakiwa uwanjani mwake. Katika mji huu watu wa dini mbili wametazamana wakizika kwa karne tano.

Tangu jioni ile nimekuwa nikifikiri juu ya matanga yetu. Mtu akifa hapa kwetu, wanaofika kuwafariji wafiwa hawaji kutoa hotuba. Wanaume huchimba kaburi, hupasua kuni na kufunga turubai. Wanawake huteka maji, huchambua mchele na kumenya vitunguu mpaka usiku wa manane. Mfiwa mwenyewe huachwa alale chini siku za mwanzo, kisha taratibu mtu humwekea uteo mapajani, bila kumwambia neno, naye huanza kupeta. Hivyo ndivyo tunavyomrudisha miongoni mwetu. Sikukuu zetu zilikuwa na njia hiyohiyo. Sikukuu iliyonunuliwa ikiwa tayari haina pa kumwingiza mtu mwenye huzuni: inamtaka aketi, ale, atabasamu na apigwe picha, na hayo ndiyo hasa asiyoyaweza. Lakini mahali ambapo chakula kinapikwa na pango linajengwa, huzuni hupata nafasi yake. Mpe mfiwa kisu na vitunguu. Akilia hakuna atakayemuuliza sababu, na chakula kitaiva.

Hili ndilo ninaloidai biashara, na nadhani ndugu yetu hakuligusa. Imetuondolea kazi, na pamoja na kazi imeondoka nafasi ya kukaa pamoja wakati hatuna maneno ya kuambiana. Fedha zinazopotea ni nyingi, naam, lakini fedha hutafutwa tena. Mimi ningalimtafuta wapi mtu wa kuketi nami mkesha ule, kama nyumba yangu isingekuwa na nazi?

Sisi Wagiriama tunalo jeraha letu la zamani katika jambo hili. Mzee wa Gohu, yaani chama cha wazee wenye heshima, akifariki, jamaa zake humchongea kigango, nguzo ya mti mgumu yenye nakshi za pembetatu, wakaisimamisha nyumbani kwa kumbukumbu yake, na nguzo hiyo huachwa palepale hadi imalizwe na mvua na mchwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wenye maduka ya vinyago, vikaishia katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani kwa familia iliyoibiwa, na vingine vimerudishwa baada ya hapo, lakini vilivyopotea ni vingi zaidi. Babu wa mume wangu alikuwa na chake. Sasa pamebaki shimo ambalo watoto wamelijaza mawe. Siwalinganishi wazee wetu wa kanisa na wezi wale, hasha. Nasema tu kwamba tunajua, kwa kuonja, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, mahali pamoja, kinavyonyamaza kikishageuzwa bidhaa.

Wala siandiki kwa ajili yangu peke yangu. Katika kaunti yetu hii ya Kilifi, kwenye msitu wa Shakahola, ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walishawishiwa kufunga hadi kufa. Zipo familia zilizongoja miezi na miezi matokeo ya vinasaba ili wapate mtu wao wa kumzika. Wapo pia wake wa wavuvi ambao bahari haikuwarejeshea kitu. Baada ya kuona wenzetu wakifa njaa kwa kuaminishwa kwamba ndiyo ibada, mimi siwezi tena kuiita sahani ya wali inayovuka ukuta kuwa jambo dogo. Familia hizo mnazijua, ndugu wasomaji, ziko mtaani kwenu. Zisitumiwe picha ya taa na mishumaa kwenye simu halafu basi. Mtu aende na unga wake akakandie mahamri huko, au amwombe mama wa nyumba ile amsaidie kupepeta mchele, hata kama kwake hauhitaji kupepetwa.

Kwa ndugu zetu walioko Nairobi na Mombasa ambao nauli hupanda kila Desemba nao hujinyima ili wafike: fikeni siku moja mapema kama kazi zenu zinaruhusu, mje na chakula kibichi, mkae jikoni. Mdogo wangu nilipomweleza haya alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema alidhani amenipunguzia mzigo. Mwaka jana alikuja na mbaazi kavu, kilo nne, tukazichambua sote wawili usiku ule na kwa mara ya kwanza akanielezea jinsi shemeji yake alivyomfundisha kuogelea pale chini ya nguzo ya msalaba.

Kwako wewe Mhariri ninayo haja ndogo. Kurasa za Desemba hujaa ofa za hoteli na picha za yule mzee wa mavazi mekundu, ambaye chanzo chake ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi iitwayo leo Uturuki, anayesimuliwa kwamba aliwasaidia maskini usiku ili asijulikane. Matangazo hayo yanalipia karatasi, naelewa. Lakini ukurasa mmoja ungewatosha wasomaji kuandika majina ya waliowatangulia mwaka ule, na kando ya kila jina kazi ya mikono yake: huyu alikuwa mwezekaji, huyu mpishi wa mahamri, huyu aliwafundisha watoto nyimbo za Noeli.

Kwa ndugu aliyeandika barua ile: hukututajia msiba wako, nami sitakuuliza. Ikiwa mwaka huu huwezi, basi huwezi, na asikulazimishe mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha shika komeo la mlango. Nakuomba tu usiwashauri wengine wafunge kabla jirani hajapita.

Mwaka jana niliwaendea wazee wa kanisa nikawaomba pango lijengwe tena kwa mkono. Walikubali papo hapo, mmoja akafuta macho. Lile la plastiki liliwekwa katika chumba cha watoto wadogo, ambao wanazipenda taa zake. Vijana wawili waliojifunza kazi kwa mume wangu walisimamisha fito na kusuka makuti, ingawa mikono yao bado haijafikia yake na mgongo wa paa uliinama upande mmoja. Watoto walileta udongo. Punda nilimkuta ndani ya gunia chini ya kitanda, amefungwa kwa shati kuukuu la mume wangu. Nilichukua udongo kidogo nikataka kumrudishia lile sikio la kushoto, nikaulainisha kwa maji, nikauzungusha kati ya vidole mpaka ukaanza kukauka, kisha nikauacha. Mtoto nilimfunga kwa kipande cha leso nyeusi, ile niliyoivaa matangani, na mwaka huu nimeshaitenga nyingine, ya rangi ya chungwa.

Kazi itaanza Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli, baada ya Misa ya asubuhi. Mivinje tumeahidiwa na mwenye shamba, makuti yako njiani. Tulichopungukiwa ni mtu wa kusokota kamba za usumba, kwa kuwa vijana wale wawili wamezoea za dukani na hazishiki vizuri kwenye fito nyembamba. Ikiwa ndugu yetu yuko Malindi au karibu, na anaijua kazi hiyo au yuko tayari kufundishwa, aulize kibanda cha fundi mwenye gauni la mtoto ukutani.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa cherehani,
Malindi